Kugeuza Ofisi Tupu Kuwa Kampasi ya Chuo cha Jamii: Mwongozo Kamili

Mfanyakazi wa ofisi huingia jengoni asubuhi, hukaa, hutoka kula, hurudi, na jioni huondoka. Mwanafunzi wa chuo cha jamii, yaani chuo cha kozi fupi kinachohudumia wakazi wa eneo lake, huingia saa yoyote, huhama chumba kila baada ya saa moja na nusu, hungoja, hula, hungoja tena, na anapohama huhama pamoja na wenzake mia kadhaa kwa mkupuo mmoja. Jengo ni lile lile, zege ni lile lile, ila mwendo wa watu ndani yake umebadilika kabisa. Makosa makubwa niliyoyaona katika ugeuzaji wa namna hii karibu yote yalianzia hapo: wahusika walipanga vyumba vizuri, wakasahau zile dakika kumi kati ya kipindi na kipindi. Ndiyo maana nitazirudia dakika hizo mara nyingi humu.

Tangu mwaka 2020, kazi za kufanyia nyumbani zimeacha ghorofa nyingi tupu katika miji mingi, na wenye majengo ambao zamani wasingetaka kusikia habari za wanafunzi sasa wanapiga simu wenyewe. Nafasi ipo. Lakini pango nafuu limewahi kuviponza vyuo zaidi ya kimoja, kwa hiyo twende hatua kwa hatua.

Hatua ya 1: Andika ratiba kabla ya kutafuta jengo

Idadi ya wanafunzi waliosajiliwa haikusaidii sana. Unachohitaji ni idadi ya watu watakaokuwa ndani kwa pamoja katika saa yenye msongamano mkubwa kuliko zote. Chuo cha jamii kina wanafunzi wa asubuhi, wanaotoka kazini jioni, wazazi wanaowahi kurudi kabla shule za watoto hazijafungwa, na wanaokuja Jumamosi tu. Chora jedwali la wiki nzima, saa kwa saa, uandike kila kozi inahitaji chumba cha aina gani na cha watu wangapi.

Jedwali hilo litakushangaza. Chuo chenye wanafunzi 2,400 kwenye vitabu kinaweza kuwa na 700 tu jengoni saa nne asubuhi ya Jumanne, kisha 500 saa moja usiku, na karibu hakuna mtu saa tisa alasiri. Tumia namba ya kilele kupima ngazi, lifti, vyoo na hewa. Tumia shimo la alasiri kufikiria nani mwingine anaweza kulitumia jengo saa hizo.

Kozi nazo zipange katika mafungu matatu. Kuna zinazoingia ofisini bila shida: uhasibu, lugha, kompyuta, biashara, ualimu wa awali, sheria. Kuna zinazoingia kwa marekebisho: uuguzi wa mazoezi kwa vitanda na midoli, usanifu wa picha, upigaji video. Na kuna zinazogoma: uchomeleaji, ufundi magari, useremala, mapishi ya kiwango cha hoteli, kemia yenye moshi mkali. Fungu hili la tatu ndilo litakaloamua kama jengo linafaa, au kama kozi hizo zibaki kwingine. Hakuna aibu kuziacha kwingine. Karakana ya kuchomelea kwenye ghorofa ya tisa ni ugomvi wa kila siku na majirani wa ghorofa ya nane.

Hatua ya 2: Kagua jengo kwa jicho la mhandisi

Hapa usiharakishe, na usiende na dalali peke yake. Nenda na mhandisi wa miundo, mhandisi wa hewa na umeme, na mtu wa zimamoto. Omba michoro ya awali ya jengo. Isipopatikana, gharama ya ukaguzi itapanda, na hilo liingie kwenye mazungumzo ya bei.

Uzito kwanza, kwa sababu ndio unaoogopwa zaidi na mara nyingi bila sababu. Kiwango cha ASCE 7 kinachotumika Marekani kinataka sakafu ya ofisi ihimili takriban kilo 245 kwa kila mita ya mraba, na sakafu ya darasa takriban kilo 195. Ndiyo, darasa linadai kidogo kuliko ofisi. Penye mtego ni korido: ghorofa za juu korido inadai karibu kilo 390, kwa sababu ndiko watu hujazana bega kwa bega. Chumba cha makabati ya vitabu kinafika karibu kilo 730. Kwa hiyo usihangaike na madarasa. Muulize mhandisi korido zipite wapi, na maktaba ikae juu ya nini. Mara nyingi jibu la maktaba ni ghorofa ya chini, au makabati mafupi yaliyopangwa karibu na nguzo.

Muulize pia kama sakafu ni ya zege lenye nyaya zilizokazwa ndani yake. Sakafu hizo haziruhusu mtu kutoboa ovyo. Ukikata waya mmoja umelidhoofisha eneo zima, na waya wenyewe unaweza kuchomoka kwa nguvu ya kuua. Kila tundu la bomba lipimwe kwanza kwa kifaa cha kuona ndani ya zege. Na kwa majengo ya kabla ya miaka ya 1980, tafuta asbesto kwenye vifuniko vya mabomba, vigae vya sakafu na gundi yake. Kuiondoa ni kazi ya wataalamu wenye leseni, na hufanywa kabla fundi mwingine yeyote hajagusa nyundo.

Kisha angalia urefu kutoka sakafu hadi zege la juu, umbali kati ya nguzo, na kina cha ghorofa kutoka dirishani hadi katikati. Mwanga wa jua huingia ndani kwa mara moja na nusu hadi mbili na nusu ya urefu wa juu ya dirisha. Dirisha linaloishia mita 2.7 litakupa mwanga wa maana hadi mita 4, kwa bahati hadi 6.7. Jengo la ofisi lenye kina cha mita 14 kutoka dirishani hadi kwenye lifti lina giza kubwa katikati, na hilo giza lazima ulipangie kazi. Kompyuta, studio za sauti, stoo na vyumba vya mitambo havilii vikiwekwa gizani. Watu hulia.

Mwisho wa ukaguzi, hesabu vyoo. Ofisi iliyojengewa watu 70 kwa ghorofa haina matundu ya kutosha watu 250, na foleni ya choo inakula zile dakika kumi kuliko lifti. Vyoo vipya vijengwe kandokando ya bomba kuu la maji taka lililopo. Ukivipeleka mbali unatoboa sakafu na kushusha dari ya aliye chini yako.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya ngazi kabla ya kusaini chochote

Karibu kila mahali utahitaji kibali cha kubadilisha matumizi ya jengo, na kibali hicho husimama au kuanguka kwa hesabu ya watu. Nitaifanya moja hapa kwa namba za IBC, kanuni za ujenzi zinazotumika sana Marekani. Kanuni za kwako zinaweza kuwa tofauti, mantiki haibadiliki.

Chukua ghorofa ya mita za mraba 1,000. Kama ofisi, kanuni inahesabu mtu mmoja kwa karibu mita 14 za eneo lote, yaani watu 72. Sasa gawa ghorofa hiyo, utenge mita 550 ziwe madarasa. Kwa darasa kanuni inahesabu mtu mmoja kwa mita 1.86 za ndani ya chumba, yaani watu 296, kabla hujahesabu walimu waliomo ofisini kwao.

Ngazi ya kawaida ya jengo la ofisi ina upana wa takriban milimita 1,120. Kanuni inataka milimita 7.6 za ngazi kwa kila mtu, kwa hiyo ngazi moja inaruhusu watu 146, na mbili 292. Umezidi kwa wanne! Mkaguzi atakurudishia mchoro, na mradi mzima utakuwa umekwama kwa sababu ya upana wa vidole viwili. Suluhisho zipo: punguza darasa moja uweke eneo la kusomea lenye nafasi, au kama jengo lina vinyunyizio vya maji na king'ora kinachotangaza kwa sauti ya mtu, kanuni inalegeza hadi milimita 5.1 kwa mtu, na ngazi ile ile inabeba 220. Kuongeza vinyunyizio ni ghali, ila ni nafuu mno ukilinganisha na kujenga ngazi ya tatu.

Kumbuka pia namba 50. Chini ya kanuni hizo, chumba cha watu 50 na zaidi kinataka milango miwili, na milango ifunguke kwa kusukumwa kuelekea nje. Chumba cha 49 kinatosheka na mmoja. Ndiyo maana darasa la viti 48 na mwalimu wake ni ukubwa unaofaa.

Milango yote iwe na upenyo usiopungua milimita 815 ili kiti mwendo kipite, na ndani pawe na duara la mita 1.5 la kugeukia. Mteremko usizidi sentimita 1 ya kupanda kwa kila 12 za kwenda mbele. Mambo haya ukiyaweka kwenye mchoro wa kwanza hayaongezi gharama yoyote ya kutisha. Ukiyakumbuka wakati kuta zimeshasimama, utavunja.

Hatua ya 4: Mkataba wa pango

Ukinunua, ruka sehemu hii. Ukipanga, soma kipengele cha kiyoyozi kabla ya kipengele cha bei. Mikataba mingi ya ofisi inatoa hewa na ubaridi saa za kazi tu, na baada ya hapo mpangaji hulipia kwa saa. Chuo chenye madarasa hadi saa tatu usiku na Jumamosi nzima kinaweza kujikuta kinalipa ankara ya pili inayokaribia pango lenyewe.

Andika ndani ya mkataba, kwa maneno yasiyo na utata: saa za chuo, haki ya kutoboa sakafu na kupitisha mabomba hadi paani, haki ya kuweka bango nje, mlango wenu wenyewe wa kuingilia kutoka mtaani, matumizi ya lifti ya mizigo, na nani analipa mitambo mikubwa ikifa. Mwenye jengo aliyekaa na ghorofa tupu kwa miaka miwili yuko tayari kuchangia ukarabati, muombe. Muda wa mkataba uwe mrefu kuliko mkopo mnaoutumia kukarabati, la sivyo mtajikuta mnalipia kuta za jengo ambalo mmeshahama.

Kama wapo wapangaji wengine, kaa nao mapema. Wakili wa ghorofa ya sita hataki kushindana na wanafunzi 40 mlangoni mwa lifti, na ana haki.

Hatua ya 5: Panga ghorofa kwa kufuata dakika kumi

Sasa lifti. Lifti yenye kibao cha watu 13 kwa kawaida hubeba 10, kwa sababu watu wana mabegi na hawapendi kubanana. Ikipanda, ikisimama njiani na kushuka, chukulia dakika 2. Katika dakika 10 imezunguka mara 5: watu 50. Lifti nne: watu 200. Ukiweka madarasa ya watu 600 ghorofa ya saba hadi ya kumi, wawili kati ya kila watatu watachelewa, kila siku, na walimu watazoea kuanza kipindi robo saa baadaye. Hakuna lifti ya kisasa itakayokuokoa hapo.

Utaokolewa na mpangilio. Vinavyovuta umati, yaani madarasa makubwa, maabara za kompyuta, kantini na dawati la usajili, viwe ghorofa ya chini hadi ya nne, ambako mtu mwenye miguu mizima hupanda kwa ngazi. Juu zaidi weka wanaoingia asubuhi wakatulia: ofisi za walimu, utawala, studio, na kozi ambazo mwanafunzi hukaa chumba kimoja siku nzima, kama uuguzi wa mazoezi. Lifti waachie wanaozihitaji kweli.

Lakini ngazi za jengo la ofisi kwa kawaida ni zile za dharura: zimefichwa nyuma ya mlango mzito, kijivu, bila dirisha, na nyingine zina king'ora. Hakuna mwanafunzi atakayezipanda kwa hiari. Mnapoweza, kateni sakafu na kufungua ngazi pana inayounganisha ghorofa tatu za chini, iliyo mbele ya macho ya anayeingia. Ni kazi ya mhandisi, na sehemu ya wazi inayounganisha ghorofa huleta masharti ya kudhibiti moshi, kwa hiyo mwite mtu wa zimamoto tangu kwenye rasimu. Nikipewa fedha za jambo moja tu la anasa katika mradi kama huu, nitachagua ngazi hiyo. Ikishindikana, basi angalau zile za dharura zipakwe rangi, ziwekwe taa nzuri, na milango yake ishikiliwe wazi kwa sumaku zinazoachia moto unapotambuliwa.

Dawa nyingine haigharimu chochote: vipindi vya ghorofa ya pili vianze saa tatu kamili, vya ghorofa ya nne vianze saa tatu na robo. Umati unagawanyika wenyewe. Wasajili huchukia pendekezo hili. Wasihi.

Hatua ya 6: Darasa lenye nguzo, dari fupi na ukuta mwembamba

Nguzo za ofisi mara nyingi zinaachana mita 7.5 hadi 9. Mraba wa mita 9 kwa 9 una mita 81, darasa zuri la watu 40 lisilo na nguzo katikati, mradi kuta zifuate mistari ya nguzo. Ukivuka mstari huo, nguzo itasimama kati ya mwanafunzi na ubao kwa miaka ishirini ijayo.

Dari ya mita 2.7 inaamua ukubwa wa picha. Sehemu ya chini ya skrini isiwe chini ya mita 1.2, ama sivyo vichwa vya walio mbele vitaiziba. Ikiishia mita 2.6, una kimo cha mita 1.4. Kanuni ya siku nyingi ya mafundi wa picha inasema aliye nyuma kabisa asizidi mara sita ya kimo hicho, yaani mita 8.4. Zaidi ya hapo ongeza skrini za pembeni. Kwa hiyo usijenge darasa jembamba na refu. Ligeuze, ubao uwe kwenye ukuta mrefu.

Wengi hupenda kung'oa dari ya kuning'inia ili kupata kimo, na mabomba wazi yanapendeza kwenye picha. Kumbuka tu kwamba ile dari ilikuwa inameza sauti. Kiwango cha ANSI S12.60, cha Marekani kuhusu sauti za madarasa, kinataka mwangwi katika darasa la kawaida ufe ndani ya sekunde 0.6, na kelele ya mitambo isizidi desibeli 35. Ukiondoa dari, rudisha mbao au pedi za kunyonya sauti juu na kwenye ukuta wa nyuma.

Halafu kuta. Katika ofisi, ukuta wa jipsamu huishia kwenye dari, haufiki kwenye zege, na sauti hupita juu yake kama hakuna kitu. Niliwahi kukaa nyuma ya darasa la hesabu lililojengwa hivyo. Mwalimu alikuwa akifafanua milinganyo, na mimi nikatoka pale najua majina ya mifupa yote ya mkono, kwa sababu upande wa pili walikuwa wauguzi wanarudia kwa sauti baada ya mwalimu wao. Kuta za madarasa zifike kwenye zege, ziwe na sufi ndani, na kila tundu la bomba la hewa lizibwe pembeni.

Hatua ya 7: Hewa

Chukua chumba cha mita za mraba 60. Kwa kiwango cha ASHRAE 62.1, cha Marekani kuhusu hewa safi ya ndani, kikiwa ofisi ya watu 3 kinahitaji hewa safi ya karibu lita 25 kwa sekunde. Kikiwa darasa la watu 30 kinahitaji karibu lita 132. Ni mara tano. Ongeza joto: mtu aliyekaa hutoa takriban wati 100, kwa hiyo darasa lina pasi mbili au tatu za umeme zinazowaka muda wote, hata kabla kompyuta hazijawashwa.

Mitambo ya ofisi haikununuliwa kwa hesabu hiyo. Usikubali kauli ya "mfumo upo na unafanya kazi". Upo, kwa watu watatu. Dalili zake ukishafungua ni zile zile kila mahali: wanafunzi wanasinzia nusu saa baada ya kuanza, na walimu wanalalamikia kozi badala ya kulalamikia hewa. Weka vipimo vya kaboni dayoksaidi kwenye madarasa. Hewa ya nje ina sehemu takriban 420 kwa milioni. Darasa linalopanda kupita 1,500 linakuambia hewa haitoshi.

Mtambo mdogo wa kila ghorofa ni bora kuliko mmoja mkubwa wa jengo zima, kwa sababu Jumamosi utataka kuwasha ghorofa mbili tu.

Hatua ya 8: Maabara na karakana

Kwa ufupi: kabati la kemikali la kufyonza moshi kwa kawaida linahitaji bomba la kutoka hadi paani, na bomba hilo linapita katika kila ghorofa iliyo juu yake. Ndiyo sababu wengine huweka maabara za kemia ghorofa ya juu kabisa. Upande wa pili wa shilingi, kanuni nyingi hupunguza kiasi cha kemikali hatari kadiri unavyopanda, kwa hiyo maabara ya kufundishia ghorofa ya pili au ya tatu, karibu na shimo la mabomba, mara nyingi ni suluhu inayowezekana. Jiko la kufundishia nalo linataka bomba la moshi hadi juu na mtego wa mafuta chini. Karakana ziwe chini, penye mlango wa gari na umeme wa njia tatu, au zisiwepo.

Hatua ya 9: Kulitia jengo uhai

Ukifika hapa una jengo halali, lenye hewa, lisilo na uhai wowote. Uhai hauji kwa kupaka rangi ya chungwa.

Unatokana na wanaongoja. Mwanafunzi wa chuo cha jamii hana bweni la kurudi kati ya kipindi cha saa tatu na cha saa saba. Asipopata mahali pa kukaa ataenda zake, na pengine hatarudi. Kwa hiyo tenga eneo la kutosha nje ya madarasa: benchi kwenye kona za korido, meza ndefu kando ya madirisha, soketi ya umeme kwa kila kiti, mahali pa kupasha chakula, chumba kimoja cha kimya na kimoja cha mama anayenyonyesha. Mhasibu atasema hizo ni mita zisizofundisha mtu. Mpeleke saa sita mchana akazione.

Madirisha mazuri wape wanafunzi, si wakuu wa idara. Katika ofisi, vyumba vya mabosi vilizunguka ukingo na makarani wakakaa katikati, pindua hilo. Ghorofa ya chini ifunguke mtaani kwa vioo, na anayepita aone watu wanafanya kitu: maabara ya kompyuta, maonyesho ya kazi za sanaa, saluni ya mafunzo, kliniki ya meno ya wanafunzi inayohudumia majirani. Lile dawati refu la marumaru la mapokezi na yale mageti ya kadi yaondoke mlangoni, au yasogezwe juu kwenye ghorofa zinazohitaji ulinzi. Yaliwekwa ili kumzuia mtu asiyejulikana, na chuo cha jamii kinaishi kwa watu wasiojulikana wanaoingia kuuliza.

Mfano ninaoupenda unatoka kwenye jengo la maduka. Austin Community College, Texas, ilinunua Highland Mall, iliyofunguliwa mwaka 1971 na baadaye ikadorora, na mwaka 2014 ikafungua kampasi ndani ya lililokuwa duka la JCPenney. Badala ya kulikatakata duka lote kuwa vyumba, waliacha ukumbi mmoja mkubwa wenye kompyuta zaidi ya 600, walimu wasaidizi wakizunguka kati ya meza. Kile kina kirefu kisicho na madirisha, ambacho kingekuwa balaa kwa madarasa, kikawa ndicho kitovu cha kampasi.

Jumuisha na wengine: mafunzo ya watu wazima ya jioni, chumba cha mikutano kwa vikundi vya mtaa, malezi ya watoto kwa wazazi wanaosoma. Hili la watoto lina masharti yake makali, mara nyingi likiwa ghorofa ya chini tu, basi litengewe nafasi kwenye mchoro wa kwanza.

Hatua ya 10: Kujenga, kujaribu, kufungua

Agiza mapema vitu vinavyochelewa kufika: mitambo ya hewa, makabati ya umeme, vipuri vya lifti. Fungua kwa awamu, ghorofa za chini kwanza, ila usiwafundishe watu chini ya ghorofa inayochimbwa isipokuwa kelele zimepangiwa usiku. Milango, zulia za vipande, taa na samani za ofisi zilizo nzima zitumike tena. Meza za mikutano huwa meza nzuri mno za kusomea.

Jengo lililokaa tupu lina maji yaliyolala mabombani, na bakteria wa Legionella hustawi katika maji ya vuguvugu, kati ya nyuzi 20 na 45. Mabomba yote yasafishwe, maji yatiririshwe kila bomba hadi mwisho, na yapimwe kabla mtu hajanawa uso.

Wiki mbili kabla ya kufungua, alika watu 300, wafanyakazi na familia zao na majirani, wape kila mmoja ratiba ya uongo, piga kengele. Simama mlangoni mwa lifti ukiwa na saa. Piga tena. Utaona mlango unaofungukia watu usoni, kona ambayo makundi mawili yanagongana, choo ambacho hakuna anayekijua. Hayo yote bado unaweza kuyarekebisha kwa wiki mbili.

Na fedha zote za samani zisiishe kabla ya kufungua. Bakiza kama sehemu moja ya kumi. Mwezi wa kwanza, pita korido zote saa sita mchana uandike ni wapi wanafunzi wamekaa chini sakafuni. Hapo ndipo benchi zilizobaki ziende.